Kaswende kwa mwenye mzio wa penisilini: doksi, seftriaksoni au azithro?

"Dokta, ile sindano ya kaswende haipatani na mimi. Nina aleji ya penisilini. Nipe vile vitatu vya siku tatu, nimalizane nayo."

Kijana aliyasema hayo ameinamia tundu la dirisha la dawa, sauti ya chini, mgongo wake ukiizuia foleni isisikie. Karatasi ya maabara ilikuwa imekunjwa mara nne: RPR 1:64. RPR ni kipimo cha damu cha kaswende, na namba ya pili ikiwa kubwa ugonjwa unawaka. Mimi si daktari, ni mfamasia, ila dirishani kila mwenye koti jeupe ni dokta na nimeshaacha kubisha. Vile vitatu vya siku tatu ni azithromaisini ya miligramu 500, ambayo tangu enzi za Korona imekuwa dawa ya kila kikohozi na ya kila jambo ambalo mtu hataki kulitaja kwa sauti.

Sikumpa. Nikamuuliza kwanza ile penisilini ilimfanya nini.

"Niliharisha. Tumbo likauma siku mbili."

"Ulikuwa na umri gani?"

"Darasa la tatu. Mama ndiye aliyesema nisipewe tena."

"Midomo ilivimba? Pumzi ilibana? Ulitoka vipele vya kuwasha palepale?"

"Hapana, ni tumbo tu."

Alichomwa sindano yake mchana uleule, akakaa kwenye benchi nusu saa akichezea simu, akaondoka akichechemea kidogo. Naanza na kisa chake kwa sababu wengi wanaotafuta dawa mbadala ya kaswende hawaihitaji. Wanaoihitaji kweli wapo, na mmoja wao alikuja dirishani kwangu siku mbili baadaye kwa sababu ya kijana huyuhuyu. Nitamfikia.

Mzio upi ni mzio

Kule Marekani, ambako jambo hili limepimwa sana, karibu mtu mmoja kati ya kumi ana alama ya mzio wa penisilini kwenye faili lake. Wakipimwa, zaidi ya tisa kati ya kumi miongoni mwao huitumia bila shida. Ama hawakuwahi kuwa na mzio, ama walikuwa nao na mwili ukausahau: kwa waliowahi kuwa nao kweli, takriban asilimia 80 huwa umeshawatoka baada ya miaka kumi. Kuharisha, kichefuchefu, maumivu pale sindano ilipoingia, hayo ni maudhi ya dawa tu.

Mzio wa kuogopwa huja haraka, ndani ya dakika chache hadi saa moja: vipele vya kuwasha vinavyovimba, midomo na ulimi kuvimba, kifua kubana, presha kushuka, mtu kuanguka. Upo na mwingine unaokuja taratibu baada ya siku kadhaa, ngozi ikababuka na kuchubuka, malengelenge yakatoka mdomoni na machoni. Aliyepata huo wa pili hajaribiwi tena penisilini kwa namna yoyote.

Halafu lipo jambo la tatu, ambalo limewapachika watu mzio wasio nao. Mtu anachomwa sindano ya kaswende asubuhi, jioni anapata homa, anatetemeka, kichwa kinagonga, vipele vyake vinazidi kuwaka. Kesho yake yuko sawa. Kinachotokea ni kwamba bakteria wanakufa kwa wingi kwa mpigo mmoja na mwili unayapokea mabaki yao kwa kishindo. Madaktari huliita tukio la Jarisch na Herxheimer, na hutokea ndani ya saa 24 za kwanza. Linaweza kutokea hata kwa doksi. Dawa yake ni paracetamoli na maji ya kunywa. Mjamzito peke yake ndiye wa kuambiwa arudi haraka akihisi tumbo linakaza au mtoto hachezi kama kawaida.

Kipimo cha kulinganishia

Kila dawa nitakayoitaja hapa chini inapimwa dhidi ya benzathini penisilini, ndiyo ile sindano aliyochomwa kijana, kwa hiyo ni vyema kujua kwa nini hii imekaa kileleni. Mwaka 1943, Mahoney na wenzake huko Staten Island, New York, waliwatibu wagonjwa wanne wa kaswende kwa penisilini. Zaidi ya miaka 80 imepita, na bakteria wa kaswende hajajifunza kuikwepa. Kisonono katika muda huohuo kimeshazishinda dawa kadhaa.

Kuna na suala la mwendo. Bakteria wengi wa magonjwa hugawanyika kila baada ya dakika kadhaa au saa chache. Huyu wa kaswende ni mvivu, huchukua kiasi cha saa 30 hadi 33. Penisilini humuua anapojenga ukuta wake, yaani anapogawanyika, kwa hiyo dawa lazima imsubiri mwilini siku nyingi bila kukatika. Ukiwahi kuiona benzathini ikichanganywa utaelewa inavyosubiri. Unga mweupe kwenye kichupa, maji ya sindano yakiingia unatikisa, unapata kitu kizito kama uji mwembamba wa wanga. Ukizubaa hutuama na kuziba sindano, na muuguzi anaanza upya na sindano nyingine. Uji huo ukishaingia kwenye msuli wa kalio huyeyuka pole pole kwa wiki mbili hadi tatu. Yuniti milioni 2.4 mara moja kwa kaswende changa, na mara moja kila wiki kwa wiki tatu kwa ile iliyokaa muda mrefu au isiyojulikana ilianza lini. Sindano ikishaingia, mgonjwa hana cha kusahau.

Hapa watu huchanganya majina. PPF ni penisilini, X-pen ni penisilini, na amoksilini ni ukoo uleule. Mwenye mzio wa kweli wa moja hawezi kukimbilia nyingine. Nimeshawaona waliokataa sindano kwa ajili ya mzio, wakaenda duka la dawa la mtaani wakanunua amoksilini. Amoksilini yenyewe si ya kudharau kwenye kaswende; Wajapani, ambao kwa miaka mingi hawakuwa na benzathini, walitibu kwa vidonge vyake wiki kwa wiki. Lakini kwa mwenye mzio ni nyoka yuleyule kwenye shimo jingine.

Doksi, mbadala wa kwanza

Ukiniuliza mwanamume mwenye mzio wa kweli, au mwanamke ambaye ana hakika hana mimba, aanzie wapi, jibu ni doksisaiklini. Miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 14 kwa kaswende changa. Kwa iliyokaa muda mrefu, Wamarekani huandika siku 28, Shirika la Afya Duniani huandika 30. Hata mpaka wa "changa" wanatofautiana: Marekani huhesabu mwaka mmoja tangu maambukizi, Shirika la Afya Duniani miaka miwili. Kama hujui uliipata lini, hesabu ni ya mwezi.

Je, inaponya kama sindano? Kwa kaswende changa, mafaili ya wagonjwa waliokwisha kutibiwa yanaonyesha damu zao zilishuka karibu sawa na za waliochomwa penisilini. Ushahidi huo umepatikana kwa kutazama nyuma, haukutoka kwenye jaribio kubwa la kuwapangia wagonjwa dawa kwa kura, na kwa kaswende ya muda mrefu ni mwembamba zaidi. Hata hivyo hadi leo hakuna usugu wa doksi uliothibitishwa kwa bakteria huyu. Wenye VVU hupewa dozi zilezile.

Kinachoiangusha doksi ni siku 14. Kidonda cha kaswende hakiumi, na hupona chenyewe ndani ya wiki tatu hadi sita hata usipotibiwa. Sasa mtu ameanza vidonge, siku ya sita kidonda kinanyauka, siku ya tisa hakipo. Kuna sababu gani ya kumeza kapsuli inayomchefua mtu ambaye anajiona mzima? Zilizobaki zinaishia kwenye droo au kwa rafiki "mwenye tatizo kama langu". Mimi huandika tarehe ya kapsuli ya mwisho kwa kalamu nene juu ya pakiti, na humwambia mtu ahesabu 28 mbele yangu kabla hajaondoka. Hesabu hiyo huchukua dakika moja, na angalau hakuna anayerudi kuniambia zilikuwa pungufu.

Namna ya kuimeza nayo ina masharti ambayo mara nyingi hayasemwi dirishani. Imeze na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa au umesimama, na usilale kwa nusu saa, kwa sababu kapsuli ikikwama kwenye umio huuchoma na kuacha kidonda. Aliyewahi kuimeza kavu akapanda kitandani anajua ninachosema. Chakula kinaruhusiwa na hupunguza kichefuchefu. Maziwa, vidonge vya madini ya chuma na vile vya magnesium vya kiungulia vinaishika dawa tumboni isifyonzwe vizuri, kwa hiyo vitenganishe kwa saa mbili au tatu. Na jua: ngozi huungua upesi. Kwa mvuvi au dereva wa bodaboda anayeshinda juani hili si dogo, avae mikono mirefu.

Gharama ni ndogo. Dozi nzima ya siku 14 mara nyingi haifikii bei ya nusu kilo ya nyama.

Onyo moja la dozi. Doksi hutolewa pia kwa klamidia, siku saba. Siku saba hazitibu kaswende. Kadhalika sindano moja ya seftriaksoni ya kisonono si tiba ya kaswende, ingawa chupa ni ileile.

Seftriaksoni: ikiwa vidonge haviaminiki

Hii ni sindano ya gramu 1 kila siku, kwa siku 10 hadi 14, kwenye msuli au mshipa. Kwa nguvu, sioni sababu ya kuiweka chini ya doksi. Majaribio yaliyofanyika China yaliilinganisha na benzathini kwenye kaswende changa na haikubaki nyuma. Tena inapenya hadi kwenye maji ya uti wa mgongo, jambo ambalo doksi hulifanya kwa kusuasua. Kaswende ikishaingia kwenye ubongo, macho au masikio, mtu akaanza kuona ukungu au kusikia kengele, tiba ya kwanza ni X-pen ya mshipani hospitalini, yuniti milioni 18 hadi 24 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na anayefuata kwenye foleni ni seftriaksoni ya gramu 1 hadi 2. Hapo doksi ya dirishani haina nafasi.

Swali ambalo kila mtu huuliza: seftriaksoni si binamu wa penisilini? Ni binamu, ndiyo. Vitabu vya zamani viliandika kwamba mmoja kati ya kumi wenye mzio wa penisilini atadhurika nayo pia. Hesabu hiyo ilikuwa kubwa mno. Pembe ya kemikali inayochokoza mwili kwenye penisilini haifanani na ile ya seftriaksoni, na sasa makadirio yako chini ya asilimia 2. Kwa aliyetoka vipele tu zamani, wengi huitoa bila wasiwasi. Kwa aliyewahi kuanguka, dozi ya kwanza itolewe mahali penye adrenalini na mtu anayejua kuitumia, si sebuleni kwa muuguzi wa mtaani. Kwa aliyewahi kubabuka ngozi, hapana.

Ukiziweka pamoja, doksi inakudai kumbukumbu na seftriaksoni inakudai miguu. Siku kumi mfululizo za kwenda kituoni, kupanga foleni, kuchomwa. Kwenye msuli inauma kuliko watu wanavyodhani, ndiyo maana huchanganywa na lignokeini, dawa ya ganzi. Lakini mchanganyiko huo ni wa msuli tu, haupitishwi kwenye mshipa. Kichupa kimoja kimoja si ghali, ila kizidishe kwa kumi, uongeze ada ya kuchomwa na nauli ya kwenda na kurudi. Nilimpangia mama mmoja dozi hii, akakuta kituo alichoelekezwa hakichomi sindano Jumapili. Ilikuwa siku ya nne. Hakuna aliyemwambia mapema, mimi nikiwemo. Tangu hapo, kabla sijaandika chochote, nauliza kwanza wikendi itakuwaje.

Kwa hiyo anayeishi karibu na kituo na anayejijua hamalizi vidonge, seftriaksoni. Anayeishi mbali na ana nidhamu, doksi. Mwenye dalili za kichwa au macho, hospitali, leo.

Azithro na hadithi ya Mbeya

Sasa vile vitatu vya kijana. Ombi lake halikuwa la kijinga, kwani msingi wake mmoja ulijengwa hapahapa Tanzania. Mkoani Mbeya watafiti waliwagawa watu 328 wenye kaswende changa katika makundi mawili: wengine wakapewa azithromaisini gramu 2 za kumeza mara moja, wengine wakachomwa benzathini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Waliopona kwa azithro walikuwa asilimia 97.7, kwa sindano asilimia 95. Fikiria maana yake kwa zahanati isiyo na sindano, isiyo na friji, yenye muuguzi mmoja: mgonjwa ameze palepale mbele yako, na mwenzi wake apelekewe dozi kwenye bahasha. Nami ningefurahi.

Tatizo ni kwamba wakati matokeo hayo yanaandikwa, San Francisco tayari walikuwa wanaona wagonjwa wanaomeza dozi hiyohiyo na kuendelea kuumwa. Ripoti zilitoka mwaka 2004. Bakteria alikuwa amebadilisha herufi moja tu kwenye maandishi yake ya kurithi, pale azithro inaposhika, na dawa ikakosa pa kushika. Ni kufuli iliyobadilishwa jino moja, ufunguo wako unaingia lakini hauzunguki. Tangu hapo usugu huo umeenea sana Amerika Kaskazini, Ulaya na China. Wamarekani hawaipendekezi tena kwa kaswende. Shirika la Afya Duniani limeiachia mlango nusu wazi: itumike pale tu ambapo inajulikana kwamba bakteria wa eneo hilo bado wanaisikia, na kwa kaswende changa tu, kamwe si ya muda mrefu.

Nani anayepima hilo mtaani kwako? Kipimo cha kuangalia herufi hiyo hakipo kwenye maabara ya kituo cha afya. Kwa hiyo ukimeza azithro unabahatisha, na utajua kama umepoteza baada ya miezi sita. Na kumbuka kijana aliomba gramu 1.5 zilizogawanywa siku tatu, ambayo hata jaribio la Mbeya halikuitumia.

Nisiionee dawa, ina heshima yake kwa ndugu wa kaswende. Buba, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi uliowatesa wazee wetu na ambao sindano zake za miaka ya 1920 ndizo zilizowafanya watu wa huku waiamini sindano kuliko kidonge, unaletwa na bakteria wa ukoo uleule. Leo buba hutibiwa kwa azithro ya kumeza mara moja. Lakini huko Papua New Guinea, walikoitumia kwa vijiji vizima, usugu uleule wa jino moja umeshajitokeza.

Erithromaisini ni kaka mkubwa wa azithro. Miligramu 500 mara nne kwa siku, siku 14, tumbo likichafuka karibu kila siku. Kufuli iliyomshinda mdogo humshinda naye. Singeitaja kama isingekuwa kwa ajili ya wajawazito.

Zisizofanya kazi kabisa

Sipro. Flajili. Septrini. Gentamaisini. Kila moja nimeshaiona kwenye mkono wa mtu mwenye kaswende. Zinatibu mengine, hili hapana. Linezolidi, iliyotia watu matumaini maabara, ilijaribiwa Hispania kwa wagonjwa na haikufua dafu. Sefiksimu ya vidonge inafanyiwa majaribio, na hiyo ndiyo ninayoisubiri kwa hamu, lakini kwa sasa si ya kuuziwa mtu dirishani kama tiba ya kaswende.

Sindano ikikosekana

Kuna wanaotafuta mbadala kwa sababu stoo ni tupu, mzio hawana. Si uzushi wa wauguzi wavivu: kati ya 2014 na 2016 nchi 39 ziliripoti upungufu wa benzathini, na mwaka 2023 hata Marekani walipungukiwa, wakaruhusu iingizwe kutoka Ulaya. Faida yake kwa viwanda ni ndogo, wanaotengeneza malighafi ni wachache duniani, mmoja akisimama wote tunasubiri.

Ikifika hapo, vituo vyenye busara huzihifadhi sindano chache zilizobaki kwa wajawazito, na wengine wote wanapewa doksi. Ukiambiwa hivyo usidhani umepewa tiba ya daraja la pili kwa sababu ya sura yako. Sindano yako imekwenda kwa mtu asiye na chaguo.

Mjamzito

Siku mbili baada ya kuchomwa, kijana alirudi na mkewe. Mimba ya miezi mitano. Kliniki ya wajawazito walishampima kwa kile kipimo cha haraka cha pamoja, VVU na kaswende, na mstari wa kaswende ulikuwa umetokea. Nikauliza lile swali.

"Mama, ulishawahi kuchomwa penisilini?"

"Nilichomwa, nikiwa kidato cha nne. Midomo ilikuwa hivi." Akaonyesha kwa vidole. "Nikaanguka. Nilipozinduka nilikuwa na dripu, na baba yangu analia."

Huu sasa ndio mzio. Na kwa mjamzito ulinganisho wote nilioandika hapo juu unavunjika. Doksi inakatazwa, huathiri meno na mifupa ya mtoto. Erithromaisini na azithro hazivuki kondo la nyuma vya kutosha: zinaweza kumtibu mama zikamwacha mtoto na ugonjwa wake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria wajawazito milioni 1.1 walikuwa na kaswende mwaka 2022, na hatari kwa mtoto ni kuharibika mimba, kuzaliwa amekufa, au kuzaliwa na ugonjwa. Penisilini ndiyo pekee yenye ushahidi wa kutosha kwamba inamtibu aliye tumboni.

Wamarekani kwa hiyo hawampi mbadala. Humlaza mama hospitalini na kumzoesha penisilini: matone madogo mno ya kunywa, yakiongezwa kila robo saa, kwa takriban saa nne, adrenalini ikiwa mezani. Mwishoni mwili unaikubali na anachomwa benzathini. Mazoea hayo ni ya muda. Dawa ikishaisha mwilini, mzio unarudi. Tena wakishaanza sindano za kila wiki hawaruhusu pengo lizidi siku tisa kwa mjamzito, likizidi wanaanza upya.

Pasipo na uwezo huo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataja, kwa tahadhari, seftriaksoni gramu 1 kila siku kwa siku 10 hadi 14, au erithromaisini, au azithro. Kati ya hizo tatu mimi ningesimama na seftriaksoni bila kusita, kwa kuwa inavuka kwenda kwa mtoto. Lakini kwa mama aliyewahi kuanguka, uamuzi huo ni wa daktari mwenye kitanda, si wa mfamasia mwenye dirisha. Nilimwandikia rufaa, nikaandika kwa herufi kubwa kile alichonionyesha kwa vidole.

Utajuaje imefanya kazi

Usirudie kile kipimo cha haraka. Kitabaki chanya hata miaka 20 baada ya kupona, na watu wameshatibiwa mara nne kwa kosa hilo. Kinachofuatiliwa ni namba ya RPR au ya ndugu yake VDRL, na inatakiwa ishuke ngazi mbili: 1:32 iwe 1:8, 1:64 iwe 1:16 au chini. Kwa kaswende changa ipime mwezi wa 6 na wa 12. Kwa ya muda mrefu, hadi mwezi wa 24. Aliyetibiwa kwa mbadala asikose tarehe hizi hata moja. Upimwe maabara ileile kwa kipimo kilekile, la sivyo unalinganisha embe na nanasi.

Na mwenzi atibiwe. Hakuna dawa kati ya hizi inayozuia kuambukizwa upya Jumamosi ijayo.

Kijana alirudi mwezi wa sita, 1:8. Mkewe alilazwa hospitali ya rufaa, akapewa seftriaksoni siku 14, akajifungua salama mtoto wa kike. Mtoto akachomwa penisilini kwa siku kumi mfululizo tangu kuzaliwa, kwa sababu mama aliyetibiwa kwa kitu kingine huhesabiwa kwamba mtoto wake hajatibiwa. Mama alinihadithia haya dirishani, amembeba mgongoni, akasema kilichomshangaza ni kwamba wauguzi walimchoma mwanawe kila asubuhi dawa ileile ambayo ingemwangusha yeye, na mtoto hakufanya kitu zaidi ya kulia kidogo na kutafuta ziwa.